Mistari Mitano, au Sita

Kitabu chenyewe wanakiita ufunguo,
ingawa mpaka sasa sijaona mlango.
Kinauliza mawili mawili, kama askari wa kizuizini:
Magamba ya mgongo yana miiba? Nenda namba kumi na moja.
Hayana? Shuka namba nne.
Kope ya chini ina kidirisha?
Simama hapo. Tazama tena.

Tangu alfajiri niko mchangani, nje ya Rupa.
Mto huu una jina, una na daraja; maji ndiyo hauna.
Mlima Moroto ulijifunika ukungu hadi saa tatu,
kisha jua likauvua shuka bila kubisha hodi.

Nilimnasa kwa kitanzi cha nailoni kwenye ncha ya ufito:
mwembamba, kama penseli iliyochongwa mara nyingi,
mistari mitano mgongoni,
au sita,
ukihesabu ule unaofifia kabla ya kufika nyonga.
Taabu ilianzia hapo.
Mitano ni spishi moja, sita ni nyingine,
na mstari unaofifia kitabu hakina habari nao.

Nahesabu. Lenzi jichoni, pumzi nimeibana.
Magamba ya mdomo wa juu, saba.
Vitundu vya paja la kulia, kumi na tatu;
la kushoto, kumi na vinne.
Hata mapaja yake mawili hayajapatana.
Moyo wake wanidunda kwenye kidole gumba,
saa ndogo ya mtu mwenye haraka.

Nachap anarudi kutoka machimboni,
vumbi la marumaru limempaka weupe hadi nyusi.
Anatupa jicho mara moja tu.
"Huyo ni mkanyaga-majivu," asema,
na kunichezea mwendo wake: mguu huu juu, mguu ule juu,
kama mtu aliyevuka jiko pekupeku.
Mwanawe, Lomuria, abisha:
mkanyaga-majivu ana koo la njano,
huyu ni yule mwingine, asiyegeuka nyuma.
Binti wa jirani, dumu la maji kichwani, awacheka wote:
"Ni hao hao. Wa njano ndiye mume."

Naandika yote.
Daftari langu halina safu ya kicheko.

Kule Kampala, kabatini, chumba cha chini,
yuko mwenzake ndani ya chupa, amegeuka rangi ya chai.
Lebo yasema: *Moroto, mchangani.*
Jina la kwanza limekatwa. La pili limekatwa.
La tatu lina alama ya kuuliza.
Spiriti hutunza mifupa, haitunzi rangi;
mistari ndiyo hutangulia kuondoka.

Mwaka nilipojaza fomu ya kitambulisho pale Bombo
karani aliniuliza kabila.
Mama Mnubi, nikamwambia. Baba ni wa huku, Karamoja,
aliondoka na miaka kumi, akasahau lugha, hakusahau ng'ombe.
Kalamu ikaning'inia hewani.
"Chagua," akasema. "Nafasi ni moja."

Swali la mwisho, namba ishirini na mbili:
Mkia umezidi urefu wa mwili mara mbili?
Nikanyoosha mkono kuchukua rula.
Naye akanijibu.

Tk.

Mkia ukabaki vidoleni mwangu,
ukijikunja, ukijinyoosha,
ukaanguka na kuandika herufi mchangani, herufi nisizozijua.
Mwenyewe keshafika kwenye mgunga,
mguu huu juu, mguu ule juu,
na hakugeuka nyuma.
Nachap akapiga makofi, vumbi likaruka.
Lomuria naye akapiga, kila mtu na ushindi wake.

Nimeupima mkia: sentimita kumi na moja na nusu.
Mwili, sina.
Kwenye nafasi ya jina nimeandika kwa penseli,
hafifu, mkono wa mtu anayejua atafuta.
Nimehesabu magamba, vitundu, vidole na kucha.
Koo lake
sikulitazama.